Kidole cha Kumi

Hapo zamani, katika mji mmoja uliokuwa na malango saba na wachoyo wasio na idadi, palikuwa na tajiri akiitwa Bwana Dahalani, mwenye nyumba ya kulia chakula iliyosifika hata ng'ambo. Na katika watumishi wake alikuwamo mbeba sinia mmoja, Vuai, fukara hohehahe, ila Mwenyezi Mungu alimnyima mali akampa ulimi.

Watumishi wa nyumba ile hawakuwa na ujira. Walikula makombo, na riziki yao ilikuwa bakshishi, ambayo kwa desturi mgeni huitoa akiisha kunawishwa mikono baada ya chakula. Zamani wageni walitoa sarafu, zikaingia kiganjani, mambo yakaisha. Lakini ikawa wafanyabiashara wakubwa wamechoka kubeba mikoba ya fedha, wakawa huandika karatasi na kuipiga muhuri wa pete, nayo karatasi hupelekwa sokoni kwa mbadili fedha, naye hutoa dinari, akijikatia moja katika kila kumi. Bwana Dahalani aliipenda mihuri ile kupita kiasi, maana mtu asiyeziona fedha zake zikitoka hula kama hana kesho. Nyumba ikafurika wageni.

Ila lile fungu la mbadili fedha lilimwasha kama upupu. Basi siku moja akawakusanya watumishi uani, akasema, "Sikilizeni. Bakshishi zenu nazo hupitia kwenye muhuri, na fungu la mbadili fedha hadi sasa nimelilipa mimi. Tangu leo hii ndiyo kanuni ya nyumba yangu: kila kitu kinachopita njia kumwendea mtu, njia ina fungu lake, moja katika kumi, na mlipaji ni yule anayepokea."

Vuai akauliza, "Kila kitu, bwana?"

"Kila kitu! Umeziba masikio?"

"La, bwana wangu. Nataka kuishika sawasawa, nisije nikaivunja."

Wenziwe wakacheka, lakini yeye moyoni hakuwa na kicheko. Alikuwa na binti, Mize, na arusi ya Mize ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa kukosa mchele wa karamu. Sasa imewekwa Ijumaa, na watu wa upande wa bwana arusi wamesema, ikivunjika mara ya tatu watabisha hodi nyumba nyingine. Vuai alipungukiwa dinari kumi, na kila bakshishi aliyoitegemea iliingia kwake imeng'atwa. Mpishi akamwambia, "Ndugu yangu, mwenye nguvu mpishe." Vuai akajibu, "Nimpishe wapi tena, nami mgongo umeshagusa ukuta?"

Basi Jumatano Sultani mwenyewe akaja kula. Bwana Dahalani akavaa joho, akasimama kando ya zulia akitangaza kila chakula kwa sauti kuu. "Sambusa kumi, Maulana!" Vuai akatua sinia. Sultani akahesabu, akaona tisa. Akachukua moja akala, maana ni aibu mfalme kugombea sambusa.

"Kware kumi wa kuoka, Maulana!" Wakaja tisa, wamelala kwa adabu, na pahali pa wa kumi pakiwa patupu panang'aa samli. Sultani akamtazama Dahalani. Dahalani akatabasamu, jasho likimtiririka ndani ya joho.

Chakula kikaisha. Vuai akaleta birika na beseni, akapiga magoti, akamwosha Sultani kidole kimoja kimoja, kwa ndimu na maji ya waridi. Alipofika cha tisa akatua birika, akakifuta, akainuka. Kidole gumba cha kulia kikabaki kinameremeta mchuzi.

"Ewe mtu," akasema Sultani, "hiki umekisahau?"

"Sikukisahau, Maulana. Hicho ni fungu la njia."

"Njia gani?"

"Njia ya kutoka kisimani hata hapa. Kanuni ya nyumba hii yasema, kila kitu kinachopita njia, moja katika kumi huliwa na njia, na mlipaji ni yule anayepokea. Sambusa na kware wa kumi wako jikoni chini ya kawa, sikuonja hata kidogo. Njia haijaja kuwachukua."

Dahalani akapiga kelele, "Mwongo! Mimi nilisema juu ya bakshishi!"

"Ulisema kila kitu, bwana. Nami nilikuuliza, kwa kuchelea kuivunja."

Sultani akaitaka habari yote, akasimuliwa. Kisha akamgeukia tajiri. "Nani aliyeikaribisha mihuri nyumbani humu? Huyu mbeba sinia?"

"Ni mimi, Maulana."

"Na wageni wa mihuri wamemnenepesha nani?"

Dahalani akalitazama tumbo lake.

"Basi njia ni yako, na ushuru wake ni wako. Yote uliyowakata watu hawa utawarudishia kabla jua halijatua." Hapo Sultani akaandikisha karatasi ya dinari kumi, bakshishi ya Vuai, akaipiga muhuri, akampa Dahalani. "Nenda sokoni wewe mwenyewe, kwa miguu."

Dahalani akaenda na jua la utosi, akarudi na dinari tisa mkononi, akachomoa ya kumi mfukoni mwake kama mtu ang'oaye jino. Vuai alipozipokea zote kumi, machozi yakamlengalenga, akamtaja Mize.

Muda wote huo Sultani alikuwa amekiinua kidole chake cha mchuzi, hataki mtu akiguse. Sasa akamnyoshea Dahalani. "Hiki ni fungu la njia. Mwenye njia na akioshe."

Tajiri akapiga magoti na joho lake, akakiosha hata kikatakata. Na kwa kuwa desturi ni desturi, anayenawisha hupewa bakshishi. Sultani akaagiza ile sambusa ya chini ya kawa, akaing'ata pembe moja, akatafuna taratibu, kisha akamwekea kiganjani.

"Hiyo pembe," akasema, "ni ya njia." Akacheka mpaka kilemba kikamwenda upande, na watumishi uani wakacheka naye.

Ijumaa Mize akaolewa, wali ukaliwa hata ukasazwa. Nami hadithi hii nilipewa nzima, nzima nimeitoa, sikukata kumi yake.