Pama la Mwalimu Mkuu Kapufi

Moto ukinyamaza haujamaliza maneno. Mmeitupa methali hiyo hapa jikoni kwangu kama ganda la ndizi, kisha mnaniuliza imetoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Siku ya wazazi, Mwalimu Anzelma alitaka kurusha roketi ndogo ya karatasi ngumu aliyoiunda na wanafunzi wake. Mwalimu Mkuu Kapufi alikwisha kumwonya: akiumia hata kuku, klabu ya sayansi inafungwa. Kwa hiyo Anzelma alifunga kamba, akawaweka watu wote nyuma yake. Akawaeleza kuwa injini ya roketi imeshindiliwa baruti za kazi tatu: ya kwanza husukuma, ya pili huungua kimya kimya, ya tatu hulipuka na kufyatua ncha ya roketi ili mwavuli wa kuiteremsha utoke.

Kapufi hakusikia, alikuwa akipokea salamu.

"Baba Felista, rudi nyuma ya kamba," mkewe alimwita.

"Kamba ni ya wanafunzi, mama." Akabaki mbele, na pama lake, ile kofia pana, kichwani.

Anzelma akabonyeza swichi. Roketi ikafoka, ikatikisika, ikanasa kwenye fimbo iliyoishikilia. Ikanyamaza. Wazazi wakacheka.

"Imekufa hii," alisema Kapufi, akaisogelea, akainama kuichungulia kwa juu.

Anzelma alijua haijafa. Baruti ya pili ilikuwa bado inaungua. Aliruka kamba, akamkamata mkubwa wake koti kwa nyuma, akambwaga chini mbele ya wazazi. Pama likamvuka, likaangukia roketi. Wazazi waliacha kucheka. Hata watoto wachanga waliacha kunyonya.

"Mwalimu, umerukwa na akili?" Kapufi aliuliza kutoka mavumbini.

Pa! Pama likaruka juu, likarudi limetoboka. Kapufi akapitisha kidole kwenye tundu, kisha akakigusisha kwenye jicho lake, taratibu, kama anayehakikisha bado lipo.

"Klabu haifungwi," alisema mwishowe. "Ila hiyo kamba isogezwe mbali zaidi."

"Inuka basi, mzee," mzazi mmoja alimwambia. "Roketi imekwisha."

Kapufi akatupa jicho nyuma ya kamba. Mkewe alikuwa amesimama kimya, mikono kiunoni.

"Niacheni kwanza hapa hapa chini," alisema. "Moto ukinyamaza haujamaliza maneno."