Chungu Kitupu cha Leo

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa pango, pango lina mlango, mlangoni amesimama mdai. Mmemwona?

Tumemwona.

Basi tulieni. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Alikuwapo Bi Pimbi, mjane mwenye watoto, na pango lake juu ya mwamba. Mwaka wa njaa alikopa mtama kwa Bwana Fisi, akaweka pango rehani. Kila mavuno alipe vikapu vitatu. Akishindwa, pango la Fisi. Mvua ikagoma tena. Kila akiwatazama wanawe wamelala, roho inamwuma. Atawalaza wapi?

Akaenda kwa Fisi. "Shikamoo, Bwana Fisi. Nipunguzie, nilipe kikapu kimoja kimoja."

"Marahaba. Lete chungu chako nione kama kweli huna kitu."

Akapeleka. Fisi akakinusa, nfu nfu. "Kitupu kweli. Njoo kesho."

Kesho akaenda. "Bwana Fisi, nipunguzie."

"Chungu kiko wapi?"

"Si ulikiona jana?"

"Jana kilikuwa kitupu cha jana. Lete kitupu cha leo."

Akapeleka, nfu nfu, njoo kesho. Akapeleka, nfu nfu, njoo kesho. Siku moja akarudi, akakuta Fisi ameshaanza kuhamishia mifupa yake mlangoni. Kumbe muda wote anapigwa danadana!

Bi Pimbi akaenda barazani kwa Tembo, mwamuzi wa wanyama, akasema mbele ya kadamnasi, "Mimi nimefilisika." Aibu ilimchoma masikio, lakini alisema. Kisha akarudi kwa Fisi. "Nipunguzie."

Fisi akacheka, hii-hii-hii. "Umekwenda barazani, na kwangu unakuja? Chagua moja."

"Yote mawili, Bwana. Mfa maji haishi kutapatapa."

Sasa, mnajua akina pimbi walivyo. Mmoja akifikwa na jambo, ukoo wote huja kukaa naye, kama matanga. Wakaja mashangazi, wakaja wajomba, akaja na mama mkwe na mkeka wake. Pango likafurika.

Siku ya hukumu Tembo akauliza, "Fisi, unataka pango?"

"Nalitaka, na vyote vilivyomo. Hata mwiko usibaki."

"Haya, chukua. Na mila ni ileile: achukuaye nyumba ya muflisi huchukua na waliomo. Nao hawaliwi, hulishwa."

Mila hiyo kila mnyama aliijua, ila Fisi, maana yeye barazani huwa anasinzia kwa shibe. Akapanda mwamba, chopi, chopi, akachungulia. Macho, macho, macho! Mama mkwe akamkaribisha vizuri tu. "Pita, mwanangu. Mimi uji wangu naupenda laini, meno yameniisha. Na hawa wote hawajala tangu jana."

Fisi akashuka mbio, jasho linamtoka.

"Bi Pimbi, dada yangu, chukua pango lako. Kile kikapu kimoja kimoja, nimekubali."

Bi Pimbi akajikuna taratibu. "Njoo kesho."

"Kesho?"

"Na uje na chungu chako. Nataka kukinusa."

Fisi alikwenda na kurudi, na kwenda na kurudi, mpaka wakapatana nusu kikapu.

Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni. Utamu gawaneni, uchungu niachieni mwenyewe. Na fundisho lake ni hili, wanangu, mlishike: mkopeshaji halainiki kwa adabu tu; atakupunguzia siku mzigo wako utakapomwelemea yeye.