Kwa Nini Mbayuwayu Hujenga Upenuni mwa Nyumba

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu nzige waondoke katika milima ya Upare, mwezi wa kwanza wa vuli, na hali ya hewa ilikuwa hivi: ukungu asubuhi, jua la kuchoma adhuhuri, na alasiri mawingu meusi yaliyokusanyika juu ya kilele bila kuamua kama yatanyesha au yataondoka. Wakati huo mbayuwayu hakuwa na nyumba. Alikuwa mweusi mwili mzima, mkia wake ulikuwa mpana kama upepeo, naye aliishi angani usiku na mchana, akila akiruka na kulala akiruka. Hakuna mtu aliyepata kumwona ametua.

Watu nao hawakuwa kama walivyo leo. Katika kijiji cha Mrindi kila nyumba ilikula mlango ukiwa umefungwa. Si kwamba walichukiana. Walikuwa wamechoshwa na mvua. Mvua ya milimani ilikuja bila kubisha hodi. Iliwakuta watu wameketi uani, vyungu viko mekoni na ulezi uko juani, ikawatawanya kila mmoja na upande wake. Baada ya kutawanywa hivyo miaka na miaka, watu waliacha kualikana. Jirani alimjua jirani kwa moshi wake tu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuweza kufanyika ndani. Mtoto wa Mrindi alipewa jina nje, mchana kweupe, akiwa amekalishwa juu ya mkeka uliotandazwa ulezi mpya, ili anga limwone na majirani wamshuhudie. Babu yake alimpaka ngeu katika paji la uso, yaani ule udongo mwekundu uliokorogwa kwa mafuta, kisha akalitamka jina. Tone moja la mvua likiangukia mkeka kabla jina halijatamkwa, ilisemwa kwamba jina limelowa. Mkeka ulikunjwa, wageni wakaenda zao, na mtoto akangoja msimu mwingine. Majina mengi mno yalilowa miaka ile.

Aliyekuwa na hofu kubwa kuliko wote alikuwa mzee Kajiru. Mwanawe wa pekee, Mshambo, alikufa kwa homa, akamwacha mkewe, Nambua, na mimba ya miezi sita. Mtoto aliyezaliwa alikuwa wa kike, mwenye macho makubwa na hasira za karibu, na jina lake lilikwisha kulowa mara moja. Sasa sheria ya zamani ilikuwa ikimkaribia: mtoto akivuka kizingiti kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kupewa jina, huhesabiwa kuwa wa upande wa mama. Ndugu zake Nambua, waliokaa ng'ambo ya mlima, walikwisha kutuma salamu za heshima wakiuliza mtoto amefikia wapi. Hazikuwa salamu mbaya, ila Kajiru aliielewa maana yake. Mtoto akienda, mama yake angemfuata, na nyumba ingebaki na mzee mmoja na kigoda chake.

Kwa hiyo kila mtoto aliposhika mwimo wa mlango na kujiinua kwa magoti yanayotetemeka, Kajiru alimkalisha chini taratibu.

"Baba, mwache ajifunze," Nambua alimwambia siku moja. "Watoto wenzake wanakimbia."

"Wenzake wana majina, mwanangu. Huyu na akae kwanza."

Mtoto alimtazama babu yake kwa ghadhabu, akaanza upya kushika mwimo.

Furaha ya Kajiru katika siku hizo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Kila alasiri alichukua kigoda akaketi upenuni, pale chini ya paa la nyasi linapochomoza nje ya ukuta, mahali ambapo wenzake waliweka kuni na kufunga mbuzi tu. Aliyatazama mawingu. Aliyapenda yale madogo yaliyotawanyika kama kundi la kondoo, na yale marefu membamba yaliyochanwa na upepo kama katani. Juu ya yote alimpenda yule ndege mweusi asiyetua. Alimsalimia kila siku kwa kuinua mkono, bila kutarajia kuitikiwa.

Senkondo, jirani na mtani wake wa ukoo, aliyaona hayo kutoka kwake na hakuweza kunyamaza. "Kajiru!" alipaza sauti. "Ukimaliza kuwachunga hao kondoo wa mawinguni uje unichungie na wangu. Wangu angalau wana nyama!"

"Wako wana kupe," alijibu Kajiru. "Wangu ni safi."

Alasiri moja mvua ya mawe ilinyesha huko juu kileleni, na yule ndege akaanguka upenuni akiwa amelowa chapachapa. Kajiru hakumshika. Alisogeza chungu cha makaa karibu naye, akarudi kwenye kigoda chake akangoja. Ndege alipokauka, alirukia boriti ya upenu, akakunja mabawa, na hilo lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanguliwe.

"Kumbe kukaa ndiko huku," alisema mbayuwayu.

"Ndiko huku. Karibu."

"Huko juu ni kuzuri, mzee, lakini hakuna pa kuegemea. Jioni huwa napita juu ya mapaa yenu nikisikia watu wanavuma ndani kama nyuki. Mnaficha nini humo?"

"Hatufichi kitu. Tunaikimbia mvua."

Ndege alicheka mpaka boriti ikatikisika. "Mvua! Mimi napita ndani yake ikiwa bado haijashuka. Naijua kabla haijawajua nyinyi."

Kajiru aliposikia hivyo alisimama, kigoda kikaanguka. Alimweleza habari za mkeka, za jina lililolowa na za mtoto aliyekuwa akijifunza kusimama. Mbayuwayu alisikiliza kichwa kikiwa upande. Kisha wakapatana. Ndege angeichunguza mvua siku ya kutoa jina. Akiruka juu sana, mkeka ubaki. Akishuka chini na kuruka karibu na ardhi, mvua iko mlangoni. Naye Kajiru angempa nafasi juu ya boriti ile, yake na ya watoto wake, kwa muda wote ambao nyumba ingesimama.

Kajiru alikwenda kuwaalika majirani. Hawakuwa wamealikwa popote kwa muda mrefu, na baadhi yao waliuliza mara mbili kama wamesikia vema. Senkondo, aliyekuwa na kazi maalumu siku kama hiyo, kwa kuwa jina halikuthibitika mpaka mtani aseme "tumesikia", alitaka kujua nani amemhakikishia kwamba mvua haitanyesha.

"Ndege," alisema Kajiru.

"Ndege," alirudia Senkondo. Akamgeukia mkewe. "Mama, umesikia? Leo ndege, kesho atatuambia ameshauriana na beberu wangu. Twende tu, tukalowe kwa heshima."

Baada ya dhihaka hiyo Kajiru hakuieleza ile ishara kwa mtu mwingine yeyote. Aliona aibu.

Siku ilipofika, anga lilikuwa bluu kutoka kilele hadi kilele. Mbayuwayu alikuwa juu, nukta tu. Nambua alitandaza mkeka na ulezi, akamkalisha mtoto katikati, naye mtoto akaanza mara moja kujaza nafaka kinywani. Majirani waliingia uani mmoja mmoja, wakisimama kwanza langoni kama watu waliosahau jinsi ya kuingia kwa mwenzao. Lakini haukupita muda, salamu zikawa gumzo. Wanawake waliulizana habari za watoto ambao hawajawaona tangu wakiwa mgongoni. Wazee wawili waligundua kwamba wote wanaumwa goti lilelile, wakafurahi kana kwamba wamepewa zawadi. Kajiru aliwatazama watu na anga kwa zamu, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Sasa desturi ilikuwa na kipengele kimoja ambacho Kajiru hakukikumbuka walipopatana na ndege. Babu wa mtoto ndiye aliyesimama karibu na mkeka akiwa na fimbo mkono wa kushoto na ngeu katika vidole vya mkono wa kulia. Kazi ya fimbo ilikuwa kuwafukuza ndege, kwa sababu waliamini kwamba ndege akidonoa punje ya mkeka kabla ya jina kutamkwa, ameondoka na jina hilo. Kajiru aliwahi kuishika fimbo hiyo kwa wajukuu wa nduguze wote waliotangulia. Mkono wake uliijua kazi kuliko yeye mwenyewe.

Aliinama kumpaka mtoto ngeu. Wakati huohuo, nyuma ya kilele, pasipoonekana kutoka uani, wingu lilikuwa limegeuza njia. Mbayuwayu aliliona. Alijitupa chini kutoka angani kama jiwe, akapita juu ya mkeka, karibu kabisa na ulezi.

"Ndege!" walipiga kelele watu.

Fimbo ikaenda. Haikukosa. Manyoya matatu ya katikati ya mkia yalikatika, yakashuka yakizungukazunguka, yakatua juu ya ulezi mbele ya mtoto.

Kajiru aliyatazama manyoya yale, na hapo ndipo mkono wake ulipojua ulichokitenda. Akainua macho. Jua bado lilikuwa linawaka, lakini migomba ya upande wa kilele ilikuwa imeanza kuinama.

"Mvua!" alipiga ukelele. "Inakuja! Nambua, Senkondo, shikeni pembe!"

Senkondo aliinama kuukunja mkeka kama walivyozoea.

"Usikunje! Inueni hivyohivyo, na mtoto ndani yake! Pelekeni upenuni!"

Waliuinua, mtoto akiwa ameketi katikati kama mwali anayebebwa, punje za ulezi zikimwagika pembeni. Mbuzi walifukuzwa, kuni zikapigwa teke, na watu wote wakajibana chini ya paa, bega kwa bega, wengine na kuku kwapani. Mvua ikafika. Ilianguka mbele yao kutoka kwenye nyasi za paa, wima, nyeupe, kama pazia, na hakuna tone lililougusa mkeka.

Senkondo alinyoosha mkono akaupapasa. Ulikuwa mkavu. Hata hivyo alikuwa mtani, na wajibu wake ulikuwa kupinga.

"Hapa ni nje au ni ndani?" aliuliza.

Kajiru alihema. "Anga unaliona?"

"Naliona."

"Majirani unawaona?"

"Nawaona na kuwanusa," alisema Senkondo, na watu wote wakaangua kicheko. Kisha akatazama chini, sauti yake ikabadilika. "Ndugu yangu, fanya haraka. Mwenye jina anasimama."

Kweli mtoto alikuwa ameshika nguo ya babu yake na kujiinua. Safari hii Kajiru hakumkalisha. Alimpaka ngeu katika paji la uso, akamwita Nakiete, ambalo lilikuwa jina la marehemu mkewe.

"Tumesikia!" alisema Senkondo, na upenu mzima ukaitikia. Nambua alifunika uso kwa khanga yake. Nakiete alipiga hatua mbili, akaushika mguu wa Senkondo, akaketi.

Mbayuwayu alikuwa juu ya boriti, akitetemeka, mkia wake una pengo katikati. Kajiru alimwendea.

"Nisamehe. Mkono ulikumbuka desturi, ukakusahau wewe."

"Nilikwambia nikija chini mvua iko mlangoni," alisema ndege. "Hukuniambia kwamba kwenu anayekuja chini hupigwa."

Ngeu ilikuwa imebaki kidogo katika kidole cha Kajiru. Aliinua mkono, akampaka ndege kooni, mbele ya majirani wote, kama apakwavyo mtoto wa nyumba. Mbayuwayu akajaribu kuruka ndani ya upenu ule uliojaa watu. Akagundua kwamba mkia wenye pengo humgeuza hewani kwa wepesi ambao hakuwa nao awali. Kesho yake aliokota matope ya mvua ile, donge kwa donge, akajenga juu ya mlango.

Na kuanzia alasiri ile mbayuwayu ana koo jekundu na mkia wenye panda. Kuhusu weupe wa tumbo lake wazee hawakubaliani. Wapo wanaosema ni unga wa ulezi, na wapo wanaosema hawajui. Akiruka juu, wanawake wa milimani huanika nafaka. Akiruka chini, huanua. Hakuna avunjaye kiota chake, hata kikichafua kizingiti. Na mvua inapoanza, watu hawajifungii tena. Hutoa vigoda upenuni, huchoma mahindi, huitana kutoka nyumba hadi nyumba, wakaitazama mvua pamoja mpaka ikatike.

Ukijumlisha yote, jina la mtoto, mama aliyebaki, na jioni zote hizo, gharama yake kamili ilikuwa manyoya matatu.