Kiboko na Seva Mbili za Pimbi

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kiu, na chemchemi zikafungwa malango.

Basi tegeni masikio. Ngano ya leo haina kicheko kingi.

Hapo kale ukame uliingia nchi ya wanyama. Wakajenga malango kwenye chemchemi, na kila lango wakaliwekea kisanduku cha mtandao. Ukifika, kisanduku kinauliza neno la siri. Unalitaja, kinalia tii! Lango linafunguka. Neno lilikuwa moja, na wanyama wote walilijua. Kisanduku kilijua neno tu, hakikujua nani kalisema.

Kiboko, mwenye tumbo kama ghala, akalipenda jambo hilo. Akaja jua likiwa kali, wenzake wamelala vivulini. Akataja neno, tii! Akanywa gu-gu-gu, akagaagaa, akaacha tope.

Wanyama wakakiuliza kisanduku nani kapita. Kikajibu, "Kapita mwenye neno." Kiboko akasimama, akasema alimwona Digidigi akitoka pale, midomo inadondoka maji. Digidigi akakana. Lakini sauti ya Digidigi ni ndogo, na ya Kiboko ni kubwa. Neno likabadilishwa, Digidigi hakuambiwa. Akaondoka na mkewe kwenda nyikani, kusiko na maji.

Pimbi, jirani yao wa majabalini na shoga wa mke wa Digidigi, ndiye aliyekuwa fundi wa visanduku. Aliwasindikiza mpaka jabali la mwisho, akarudi analia.

Akafunga seva mbili ndani ya mwamba wake. Ya kwanza ilimjua kila mnyama kwa jina lake na neno lake mwenyewe. Ya pili ilikumbuka nani kapita na kafanya nini. Kisha akaenda lango hadi lango, akavielekeza visanduku: msifungue mpaka muiulize seva ya kwanza, msifunge mpaka muiambie ya pili.

Kiboko akaja amenuna, akatishia kuuvunja mwamba. Pimbi akamwamkia kwa adabu, akamwambia mkubwa kama yeye anastahili jina la kufungua malango yote. Kiboko akalainika. Akauliza seva ya pili ni ya nini.

"Hiyo inawakumbuka wakubwa, Bwana Kiboko, ili habari zao zisipotee."

Kiboko akajichagulia neno lake la siri, na jina: Mkubwa wa Maji.

Kesho yake, neno lake la siri mdomoni, akaenda lango la kwanza. "Nani?" "Mkubwa wa Maji." Tii! Gu-gu-gu. Akaenda la pili. "Nani?" "Mkubwa wa Maji." Tii! Gu-gu-gu. Mpaka la mwisho.

Jioni, tope kila mahali. Safari hii Kiboko akamsingizia Paa. Pimbi akaomba seva ya pili iulizwe. Ikasema, "Mkubwa wa Maji kafungua. Mkubwa wa Maji kanywa. Mkubwa wa Maji kavuruga."

Tembo akamuuliza taratibu, "Na ile mara ya kwanza?"

Kiboko akainamisha kichwa. "Hata ile."

Pimbi akalifuta jina lake. Kiboko akaenda lango la kwanza. "Nani?" "Mkubwa wa Maji." "Sikujui." Akaenda la pili. "Sikujui." Mpaka la mwisho, sikujui. Akashika njia ya mto wa mbali, asirudi.

Wanyama wakakimbilia nyikani na kibuyu cha maji. Wakamkuta mke wa Digidigi chini ya kichaka cha miiba, anamfukuzia mumewe nzi. Digidigi alikuwa amekwisha kufa.

Pimbi akaketi kando yake, akamweleza yote: mwizi kajulikana, na jina la mumewe limo kwenye seva pamoja na majina ya wenzake, safi.

Mke akakipokea kibuyu, asinywe.

"Lifute, shoga," akasema. "Sitaki malango yamsubiri."

Pimbi akalifuta.

Ngano yangu imefika langoni, nami naufunga mdomo, tii. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia. Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: subira huvuta heri. Mkiona nawadanganya, kamuulizeni Digidigi.