Bakuli la Zamu na Ulimi wa Mama

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mitende, ambako maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, aliishi mja mwema aitwaye Bi Unaisa binti Suhayl. Kazi yake ilikuwa kulinda bakuli la zamu. Lilikuwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, likielea ndani ya mtungi mkubwa wa maji. Likijaa na kuzama, zamu ya mtu imekwisha, na maji yanageuziwa shamba la jirani. Kwa miaka ishirini hakuna aliyemtaka ale kiapo. Akisema limezama, limezama.

Aliyekuja kumtia aibu ni mwanawe wa kumzaa, Jandal. Mwaka wa ukame aliliziba tundu lile kwa nta, apate maji ya watu wawili. Jirani yake Muqbil akaja mtungini, akaibandua nta kwa ukucha, na wawili hao wakaenda wakigombana hadi mferejini. Bi Unaisa akawafuata. Kwa macho yake akauona mpini wa jembe la mwanawe ukishuka juu ya kichwa cha Muqbil. Maskini hakusema neno tena, na siku ya tatu akafariki.

Jandal alipokamatwa alidai kwamba Muqbil aliteleza akaangukia jiwe, na kwamba mama yake alikuwepo, atamtolea ushahidi. Kadhi Iyadh, mtu mcha Mungu, akamweleza kwa upole kwamba ushahidi wa mzazi wa kumtetea mwanawe haupokelewi, kwa kuwa mapenzi hupofusha. Liwali wa mji alikuwa ameketi hapo. Alitaka kesi iishe kabla ya mjumbe wa sultani kufika, na shahidi mwingine hakuwapo. Akauliza, je, mama akishuhudia dhidi ya mwanawe? Kadhi akajibu kwamba huo hupokelewa. Basi liwali akatuma askari wamlete, na akikataa wamburute.

Bi Unaisa alifika uani mwa mahakama akiwa na hasira. Alimkasirikia liwali, na zaidi alimkasirikia mwanawe, aliyekaa na pingu akimtazama kama mtoto anayengoja kufichiwa kosa.

"Ewe liwali," alisema, "ulimi huu haufai kumwokoa mwanangu, nami nimeiridhia sheria. Lakini wewe wataka kuuvuta kwa kamba kama mbuzi wa machinjo. Uongo sitasema. Na kwa mjeledi wako, hata ukweli sitausema."

Liwali akaghadhibika, akaamuru asimamishwe juani mpaka aseme.

"Ushahidi ni amana ya Mungu," Kadhi Iyadh akamwambia liwali. "Ukiupata kwa mateso sitaupokea, hata ukiwa wa kweli."

Liwali hakubadili amri yake. Kadhi akatoka kivulini, akatandika mswala wake juani karibu na mama yule, akaketi.

Jua lilimchoma Bi Unaisa, lakini yaliyomchoma zaidi ni maneno ya Mola aliyoyahifadhi tangu utotoni, kwamba waumini wasimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Na pale ukutani alikaa mzee Shaddad, baba yake Muqbil, akiutazama mdomo wa mama yule. Haki ya mzee yule ilikuwa ndani ya mdomo huo. Bi Unaisa akanuia moyoni kwamba kwa amri ya liwali hatasema kamwe, lakini ikiadhiniwa alasiri ataswali, kisha kwa hiari yake atamwendea mzee Shaddad na kumwambia alichokiona. Alijua kwamba maneno hayo yatamwua mwanawe. Machozi yakamtoka, na hasira haikupungua hata chembe.

Kabla ya adhana jua lilimzidi, akaanguka. Hapo Jandal akasimama na pingu zake.

"Mwacheni mama yangu. Muqbil nimemwua mimi. Na nta niliiweka mimi."

Kisasi kilikuwa haki ya mzee Shaddad, naye akanyanyuka.

"Ungalimwachia mama yako aseme," alimwambia Jandal, "ningaliitaka roho yako leo. Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Ondoka mji huu, nisikuone tena."

Kadhi akaipitisha hukumu hiyo. Langoni Jandal aliinama kumbusu mama yake mkono, akamwambia kwamba walau amemwokoa na balaa la liwali. Bi Unaisa akauvuta mkono wake.

"Hukuniokoa mimi, mwanangu. Umejiokoa mwenyewe. Mimi nilikuwa nangoja adhana tu."

Na mwadhini akaadhini. Bi Unaisa akaenda kutawadha.

Ndugu zangu katika imani, aibu ni ya mtawala anayemtesa mama ili amtoe mwanawe. Lakini aibu kubwa kuliko hiyo ni ya mwenye kosa anayekaa kimya, akawaachia jamaa zake mzigo wa kuusema ukweli wake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuutue kwa mikono yetu, kabla ya wakati kuingia.