Sala Ndefu ya Ngiri

Enyi wenye masikio!
— Tumeyatega!
Nilete kapu au nilete maneno?
— Leta vyote, tushibe!

Hapo kale, ukame uliwakausha wazee wa ng'ambo ya mto. Bibi Kobe, mjane asiye na jino hata moja, alikuwa hajainjika chungu. Kindi aliposikia, moyo ukamchoma. Akajaza kapu mchicha, maboga na ndizi mbivu, akajitwika, akashika njia: tifu, tifu, tifu.

Kwenye gogo la kuvukia alisimama Ngiri mwenye pembe.

"Kapu la nani?"

"La Bibi Kobe."

"Litue!"

Katika nchi ile chakula hakikuguswa kabla ya kuombewa, wala mwombaji hakufumbua macho maadamu waitikiaji hawajanyamaza. Ngiri akafumba, akasema, "Asante, Amina," akala: nyafu, nyafu, nyafu!

Siku ya pili, kapu la pili. "Asante, Amina." Nyafu, nyafu, nyafu!

Siku ya tatu Kindi alipita kwanza kwa vyura, akawanong'oneza neno. Kisha akaenda gogoni: tifu, tifu, tifu.

"Litue!"

"Nimelitua, Bwana Mkubwa. Lakini vyura wanakucheka. Wanasema eti Ngiri hajui kuomba, sala yake fupi kama mkia wa sungura."

"Mimi? Mimi niliyelelewa madhabahuni? Nitawaonyesha!"

Ngiri akapiga magoti kando ya gogo, akafumba macho, akaunguruma: "Ewe uliyewalisha mana jangwani!"

"Amina!" wakaitika vyura.

"Uliyewatuma kunguru kwa nabii!"

"Amina!"

"Uliyeujaza mtungi wa mjane!"

"Amina!" Naye Kindi, kapu kichwani, akavuka gogo: tifu, tifu, tifu.

"Hodi, bibi!"

"Karibu, mjukuu wangu. Lo, mchicha! Ndizi laini! Bwana akuzidishie." Bibi Kobe akatega sikio. "Na sauti ile ya mtoni?"

"Ni Bwana Ngiri, bibi. Anatuombea chakula."

"Kumbe wacha Mungu bado wapo!" akasema, akainjika chungu.

Tangu siku ile Ngiri hula magoti chini, akingoja vyura wanyamaze.

Basi, wapenzi, shikeni funzo: ombeni sala ndefu, tena kwa sauti kuu, macho yakiwa yamefumbwa kabisa. Ya Ngiri ilimshibisha mjane.

Ngano nimeitua kizingitini.
— Tumeipokea!
Msiile peke yenu.
— Amina!