Kicheche na Kadi Iliyo Njiani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kufunga milango, aliishi Bi Nyati bondeni, karibu na mto, yeye na ndama wake wa pekee, Machano.

Mto ule ulikuwa mkali. Lakini barazani kwa Mzee Tembo, mkuu wa mji, palikuwa na kompyuta iliyoonyesha picha ya mto tangu milimani. Maji yakijaa kule juu, picha huwa nyekundu, na Bi Nyati na ndama wake hupanda kilimani mapema.

Siku moja, paa! Moshi ukafuka. Kioo kikawa cheusi tii.

Fundi Nungunungu akaifungua kompyuta. "Kadi ya michoro imeungua," akasema. "Hiyo ndiyo inayochora picha. Dukani ninayo nyingine, ya kizazi cha tano. Nipeni mtama wa ghalani, na leo hii mtauona mto."

Ghala lilikuwa la mji, ila ufunguo alikuwa nao Tembo. Alikwisha kuushika, mara akatokea Kicheche. Si Nguchiro, wanangu, msiwachanganye. Kicheche ndiye mwenye mistari myeupe mgongoni na harufu isiyosahaulika.

"Hodi! Nina habari!"

Na mila ya mji ilikuwa hii: mleta habari huandaliwa chakula, wala hatoki mlangoni kabla hajala. Sinia likaletwa. Kicheche akala, nyafu nyafu, akajifuta masharubu.

"Kizazi cha tano, Mzee? Ala! Cha sita kiko njiani. Kinachora hata jani linaloelea mtoni! Ukinunua hiki, Kifaru, mkuu wa mji wa ng'ambo, atakucheka mpaka alie."

Tembo akarudisha ufunguo kiunoni. "Tutasubiri."

Kadi ya sita ikafika dukani kweli. Lakini Kicheche alikuwa amekwisha kuitangulia: "Ya saba, Mzee! Hiyo itaiona mvua kabla haijanyesha!" Sinia likaja tena. Kicheche akanenepa hata shingo ikapotea.

Bi Nyati hakuweza kunyamaza. "Wewe, hiyo kadi umeiona kwa macho yako?"

"Shangazi, kilichokwisha kuonekana kimekwisha kuzeeka!"

Baraza zima likaangua kicheko, kwa kwa kwa!

"Mzee Tembo, mimi jani silitaki," akasema Bi Nyati. "Nataka kujua maji yanakuja. Mwanangu analala bondeni."

"Subira, Bi Nyati. Mji hauwezi kununua kitu cha jana kwa ajili ya nyumba moja."

Masika yakaingia. Adhuhuri moja jua liliwaka bondeni, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Bi Nyati alikuwa kilimani akikata majani, Machano amebaki nyumbani. Akasikia nguruguru, nguruguru. Akageuka. Bonde halikuwapo tena. Palikuwa na maji ya matope, na paa la nyumba yake likizunguka juu ya maji hayo.

"Machano! Machano weee!"

Machano hakuitika.

Tembo akampa Bi Nyati kibanda kilimani cha kukalia matanga. Tanga lilikuwa halijaanuliwa, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi! Nina habari njema! Kizazi cha nane…"

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Nyati. Akafunga mlango, akamtengea sinia lililofunikwa kawa.

Kicheche akafunua. Tupu.

"Shangazi, chakula kiko wapi?"

"Kiko njiani. Cha leo nimekiacha. Cha kesho kitakuwa na mafuta zaidi."

Kicheche akacheka kidogo, peke yake. "Basi mimi niende, nitarudi."

"Utaendaje? Mleta habari hatoki kabla hajala." Na Bi Nyati akajilaza mlangoni, mwili mzima.

Kicheche akainua mkia, akamwaga harufu yake yote. Bi Nyati hakugeuza uso. Tangu siku ya maji, pua yake haikusikia ila matope.

Nje, Tembo alisikia kelele. Akainamisha kichwa, akapita. Akaenda kwa Nungunungu, akachukua kadi ya tano, akaipangusa vumbi, ikatiwa kwenye kompyuta. Kioo kikawaka. Mto ukaonekana safi kabisa, na bondeni hapakuwa na nyumba.

Kila asubuhi Kicheche aliuliza, na kila asubuhi akajibiwa: "Cha kesho ni kitamu zaidi." Hata ikafika asubuhi ambayo hakuuliza.

Ndiyo hayo, wanangu: cha kesho hakimwokoi anayezama leo.